Banda la zimamoto lililohamishwa mara nne

Harpers Ferry, jimboni West Virginia, ni mji mdogo ambao wakazi wake hawafiki 300. Umekaa kwenye pembe ya ardhi iliyobanwa na mito miwili, Potomac upande mmoja na Shenandoah upande mwingine, na milima imeuzunguka kana kwamba umejengwa ndani ya kisima. Karibu na makutano ya maji kimesimama kijengo cha matofali kisicho na ghorofa, chenye milango mitatu mipana ya upinde na kijumba cha kengele juu ya paa. Jina lake ni Ngome ya John Brown.

Hakijawahi kuwa ngome. Kilijengwa 1848 kuwa banda la bomba la zimamoto na chumba cha walinzi. Tena hakipo pale kilipojengwa. Kiliposimamishwa upya, upande wa kushoto ulikuja kulia na wa kulia ukaenda kushoto, kama sura kwenye kioo. Kengele yake ya asili iko jimbo jingine kabisa. Na katika miaka 120 ya kwanza ya uhai wake kilihamishwa mara nne, ikiwemo safari ya kwenda Chicago na kurudi.

Mpenzi wa majengo ya kale akisikia hayo huuliza hapo hapo: sasa cha kale kilichobaki ni kipi? Swali ni la haki, lakini kwa kisa hiki linampeleka mtu njia isiyo yake. Mimi nimekifuata kijengo hiki kwa swali jingine: kila kilipohamishwa, nani alikibeba, na alikuwa anataka nini?

Mji wa silaha

Robert Harper alifika hapo 1747, akaendesha kivuko cha kuvusha watu mtoni. Jina la mji limetoka kwenye kivuko hicho. Aliyeubadilisha mji ni George Washington. Serikali changa ya Marekani ilihitaji kutengeneza bunduki zake yenyewe, na Washington, aliyeyajua maeneo yale tangu ujana wake alipokuwa mpima ardhi, alisukuma karakana ijengwe pale. Maji ya mito yangezungusha mashine, misitu ingetoa mkaa, na chuma kilipatikana jirani. Ujenzi ulianza 1799. Kuanzia 1801 hadi 1861 karakana ile ilitoa bunduki na bastola zaidi ya 600,000. Meriwether Lewis alipita 1803 kuchukua silaha za safari yake ya kwenda bahari ya Pasifiki.

Penye matanuri, mkaa na mbao, moto ni jirani. Ndiyo maana ya banda. Maelezo ya wakati ule yanalitaja kikavu kabisa: jengo la bomba la zimamoto na walinzi, futi 35 na nusu kwa futi 24, matofali, paa la sleti, mifereji ya shaba. Yaani kama mita 11 kwa 7. Kwenye kiwanda kilichokuwa na majengo makubwa yaliyopangwa kando ya Potomac, lile lilikuwa dogo na la mlangoni tu. Hakuna fundi aliyelijenga akidhani mtu atalikumbuka.

Jumapili mpaka Jumanne

Usiku wa Jumapili, Oktoba 16, 1859, John Brown aliingia mjini na watu 18, watatu wengine akiwa amewaacha upande wa Maryland kulinda vifaa. Alikuwa mzungu wa miaka 59, mcha Mungu wa aina ya wale wanaosoma Agano la Kale kama gazeti la leo asubuhi, na tayari alikuwa amemwaga damu huko Kansas akipigana na wenye kutetea utumwa. Wanawe walikuwa naye. Watano kati ya wafuasi wake walikuwa weusi: Dangerfield Newby, Shields Green, John Copeland, Lewis Leary na Osborne Anderson. Newby alikuwa amebeba barua za mkewe Harriet, mtumwa huko Virginia, akimsihi aje amkomboe haraka kabla bwana wake hajamuuza.

Mpango ulikuwa kuchukua silaha za serikali, kuwapa watumwa watakaojiunga, kisha kupanda milimani na kuendesha vita kutoka huko. Alikuwa amekuja na mikuki mamia kwa ajili ya wasiojua bunduki. Miezi miwili kabla, Frederick Douglass, mtu mweusi aliyetoroka utumwani akawa msemaji mashuhuri wa kuupinga, alikutana naye kwa siri kwenye machimbo ya mawe karibu na Chambersburg, Pennsylvania, akamwambia wazi kwamba Harpers Ferry ni mtego wa chuma: ukiingia, hutoki. Ukiitazama ramani huhitaji kuwa mwanajeshi kuona Douglass alisema kweli. Mito miwili, madaraja mawili, mlima nyuma. Douglass alikataa kwenda. Shields Green, aliyekuwa amefuatana naye, akasema yeye atakwenda na mzee.

Kuingia kulikuwa rahisi. Karakana na ghala la silaha vilitekwa bila shida, mateka wakakamatwa, akiwemo Lewis Washington, wa ukoo wa rais yule yule aliyeuchagua mji. Halafu mambo yakaharibika. Wa kwanza kuuawa na watu waliokuja kuwakomboa weusi alikuwa mtu mweusi, tena huru: Heyward Shepherd, mpagazi wa kituo cha reli. Mlikumbuke jina hilo, tutarudi kwake. Treni ya usiku ilizuiwa, kisha Brown akairuhusu iende, nayo ikaenda na habari. Kufikia mchana wa Jumatatu madaraja yalikuwa mikononi mwa wanamgambo na wananchi wenye bunduki. Newby alikuwa mvamizi wa kwanza kufa.

Brown akajifungia ndani ya banda la zimamoto pamoja na waliobaki na baadhi ya mateka. Walitoboa matundu ukutani ili wapate pa kupigia risasi. Ndani, wanawe Watson na Oliver walikuwa wakifa kwa majeraha. Usiku ule serikali huko Washington ilituma askari wa Marines chini ya Kanali Robert E. Lee, ambaye miaka miwili baadaye angeiasi serikali hiyo hiyo. Asubuhi ya Jumanne Luteni J.E.B. Stuart alisogea mlangoni na barua ya kumtaka Brown ajisalimishe. Alipokataa, askari walipiga mlango kwa nyundo nzito na haukutikisika, kwa sababu nyuma yake kulisukumwa bomba la zimamoto. Wakaokota ngazi ndefu iliyokuwa karibu, wakaishika kama gogo, wakakimbia nayo. Pigo la pili likafungua tundu. Luteni Israel Greene akaingia na upanga mwepesi wa sherehe, akampiga nao Brown mpaka ukapinda. Dakika tatu hivi, kazi ikaisha.

Ukimhesabu Brown pamoja na watu wake, 10 walikufa, 5 walitoroka, 7 walinyongwa. Brown mwenyewe alinyongwa Charles Town, Desemba 2, 1859. Asubuhi ya siku hiyo alimwachia mlinzi karatasi iliyosema ana hakika sasa kwamba dhambi za nchi ile hazitasafishwa ila kwa damu. Mwezi Aprili 1861 vita vya wenyewe kwa wenyewe, Kaskazini dhidi ya Kusini iliyoasi, vilianza.

Jengo lililobaki

Hapa ndipo kisa cha jengo kinapoanza hasa. Mpaka hapa lilikuwa ukuta tu wa kujificha.

Aprili 18, 1861, askari wa serikali walipoona hawawezi kuulinda mji, waliichoma moto karakana ili silaha zisiangukie mikononi mwa waasi. Vita vilipokwisha mji ulikuwa umebadilisha mikono mara 8 na kiwanda kilikuwa magofu. Banda la zimamoto lilipona. Lilipona, lakini halikuachwa lilivyo: askari wa Kaskazini waliopita walibandua vipande vya matofali na mbao vya kupeleka nyumbani. Kikosi kilichotoka Marlborough, Massachusetts, kilikwenda mbali zaidi, kikaishusha kengele. Hawakuweza kuzunguka nayo vitani, wakamwachia mama mmoja wa Williamsport, Maryland, awatunzie. Aliitunza miaka 30. Mwaka 1892 wakongwe wa kikosi wakaifuata na kuipeleka kwao, iliko mpaka leo.

Sisemi ni wezi. Nadhani walikuwa watu wa kwanza kuliona jengo lile kama kitu kitakatifu, na kwa bahati mbaya namna ya kawaida ya kuonyesha heshima kwa kitu kitakatifu ni kukimega.

Baada ya vita reli ikaleta watalii. Abiria walishuka kuona pale "mzee Brown" alipokamatwa, na jina la ngome likachorwa ukutani kwa herufi kubwa ili anayepita ndani ya treni asikose kuliona. Weupe wengi wa mji hawakulipenda. Kwao Brown alikuwa mhaini na muuaji aliyewaletea maafa. Kwa hiyo mwaka 1891 walipotokea watu wenye pesa kutaka kulinunua na kulipeleka kwingine, hakuna aliyelishikilia. Shirika la reli la Baltimore and Ohio nalo lilikuwa linataka kunyoosha njia yake pale pale.

Waliolinunua walikuwa wafanyabiashara, wakiongozwa na mtu aliyewahi kuwa mbunge wa Iowa. Hesabu yao ilikuwa nyepesi. Chicago inaandaa maonyesho makubwa ya dunia ya 1893, watu watajaa, wengi wao watu wa Kaskazini waliopigana vita vile au watoto wao. Nani hatalipa kiingilio aone ngome ya John Brown? Jengo likabomolewa tofali kwa tofali, likapakiwa, likajengwa upya barabara ya Wabash, nje ya uwanja wa maonyesho.

Mamilioni ya watu walihudhuria maonyesho. Ngome ilipata wageni 11 kwa siku 10.

Kumi na mmoja. Namba hiyo nimeitafakari kuliko namba nyingine yoyote ya kisa hiki. Wamiliki walichelewa kufungua, hilo ni kweli, na mahali palikuwa pabaya. Lakini naona sababu kubwa zaidi ni kwamba walilitenga jengo na kila kitu kilicholipa maana. Pale Harpers Ferry msafiri aliyashuka mabehewa akaona mito, akaona milima, akaelewa mtego wa Douglass kwa macho yake. Pale Wabash aliona kibanda cha matofali pembeni ya barabara ya jiji lililojaa majengo ya matofali. Tena 1893 ni wakati ambao Marekani nyeupe, Kaskazini kwa Kusini, ilikuwa inapatana kwa kuacha kuzungumzia watumwa. Brown hakufaa kwenye mapatano hayo.

Likabomolewa tena, matofali yakarundikwa kwenye kiwanja kitupu. Kulikuwa na mpango wa kuyatumia kujenga zizi la farasi.

Mwanamke mwenye gazeti

Aliyeliokoa ni Kate Field, mwandishi wa habari wa Washington aliyekuwa na gazeti lake mwenyewe. Hakuwa mgeni wa mambo ya Brown: 1870 alishiriki kuchangisha pesa za kununua shamba la Brown huko North Elba, New York, alikozikwa. Mwaka 1894 akaanza kampeni ya kulirudisha banda. Shirika la reli likakubali kubeba matofali bure, kwa hesabu zake bila shaka, maana ngome ikirudi watalii nao wanarudi kwenye mabehewa.

Tatizo ni pa kuliweka. Shirika hilo hilo la reli lilikuwa limejaza tuta kubwa la udongo juu ya mahali pa asili ili kupitisha njia mpya. Msingi wa 1848 uko chini ya tuta hilo mpaka leo, na juu yake pamewekwa mnara mdogo wa jiwe wa kuonyesha mahali. Mkulima Alexander Murphy alitoa ekari tano za shamba lake kwa dola moja, kwenye kilima juu ya Shenandoah, karibu maili tatu kutoka mjini. Jengo likasimama huko 1895. Mwaka uliofuata Kate Field akafariki Hawaii.

Shamba la mahindi si mahali pa kumbukumbu ya taifa, na kuna wanahistoria wanaoitaja miaka ile 14 kwa sentensi moja ya huruma. Mimi naiona tofauti. Julai 1896 wanawake weusi wa chama cha kitaifa waliokuwa wakikutana Washington walisafiri mpaka shambani kwenda kuliona. Halikuwa tena njiani kwa mtu anayepita na treni. Ilibidi ulifuate. Na waliolifuata walikuwa watu wengine kabisa, si wale 11 wa Chicago.

Agosti 1906 W.E.B. Du Bois na wenzake wa Niagara Movement, kundi la weusi waliokataa siasa ya kuvumilia na kusubiri, walifanya mkutano wao wa pili Harpers Ferry, kwenye chuo cha Storer. Chuo hicho kilianzishwa 1867 na Wabaptisti kusomesha watu waliotoka utumwani, na baadhi ya majengo yake yalikuwa nyumba za maofisa wa ile ile karakana ya silaha. Siku ya Agosti 17 waliitenga kuwa siku ya John Brown. Alfajiri wakatoka kwa miguu kuelekea shambani kwa Murphy. Walipokaribia, Owen Waller, daktari, akaketi akavua viatu na soksi, akaendelea peku. Wengine wakamfuata. Wakalizunguka jengo kwa mstari mmoja huku wakiimba.

Anayedai jengo lililohamishwa halina thamani ana deni la kueleza asubuhi ile. Wale hawakuwa wajinga wa historia. Du Bois alikuwa na shahada ya udaktari wa historia ya Harvard. Walijua kwamba jengo limetoka Chicago, kwamba msingi wake wa asili uko chini ya reli, kwamba ardhi waliyoikanyaga ni shamba la mtu. Wakavua viatu hata hivyo.

Miaka 59 mlimani

Mwaka 1909, miaka 50 baada ya uvamizi, chuo cha Storer kililinunua jengo kutoka kwa Murphy, likahamishiwa chuoni kwenye kilima kinachoitwa Camp Hill, juu ya mji. Hapo mwenye jengo, kwa mara ya kwanza tangu 1859, akawa ni taasisi ya watu ambao Brown alikufa akidai wawe huru. Mwaka 1918 waliosoma chuoni wakabandika kibao ukutani kuwakumbuka Brown na watu wake 21, kwa maneno ya uhuru na ya kufutwa utumwa, bila kuuma maneno.

Sitaki kuufanya uhusiano huo kuwa mtamu kuliko ulivyokuwa. Chuo kilitegemea hisani ya watu weupe, na rais wake, Henry McDonald, mzungu, alikuwa mtu wa kupima upepo. Mwaka 1931 vyama vya kuwaenzi wapiganaji wa Kusini vilisimamisha jiwe pale chini mjini kwa ajili ya Heyward Shepherd, yule mpagazi. Walimfanya mfano wa mtumwa mwaminifu aliyekataa kumfuata Brown. Shepherd hakuwa mtumwa, wala hakuna aliyemuuliza atamfuata nani kabla ya kupigwa risasi. McDonald alihudhuria na kuhutubia. Aliyeharibu sherehe ni Pearl Tatten, mwalimu wa muziki wa chuo, aliyekuja na kwaya yake kuimba: akasimama, akasema yeye ni binti wa askari aliyevaa sare ya Kaskazini akapigania uhuru wa watu wake, na kwamba wao wanatazama mbele. Sentensi chache, mbele ya watu ambao hawakumtazamia aseme lolote.

Mwaka uliofuata NAACP, chama cha kutetea haki za weusi, walikuja na kibao kilichoandikwa na Du Bois ili kiwekwe kwenye ngome. Kilisema kwamba hapo John Brown aliupiga utumwa pigo lililoliamsha taifa lenye hatia, na kwamba juu ya maiti yake iliyosulubiwa walipita askari weusi 200,000 na watu huru milioni 4. McDonald akaona maneno hayo makali mno. Kibao kikarudi New York.

Kwa hiyo mnamo 1932 hali ilikuwa hivi: chini mjini, pale jengo lilipokuwa zamani, hapakuwa na jengo bali palikuwa na jiwe la watumwa waaminifu. Juu mlimani palikuwa na jengo, na hata wenyewe hawakuruhusiana kuandika juu yake wanachotaka. Wanafunzi waliendelea kupita mbele yake kila siku kwenda darasani. Machi 1936 mito ilifurika kwa kiwango ambacho hakijawahi kupimwa tena, zaidi ya futi 36, ikazamisha mji wa chini na kusomba madaraja. Banda la zimamoto lilikuwa kavu, mlimani. Watu wa uhifadhi hupenda kusema kuhamisha jengo ni kuliua. Hili, lisingehamishwa, lingekuwa chini ya tuta la reli au chini ya maji.

Mwaka 1954 Mahakama Kuu ilipiga marufuku shule za ubaguzi. Jimbo la West Virginia likakatiza fedha zake kwa Storer, kwa hoja kwamba weusi sasa wanaweza kusoma popote, na chuo kikafungwa 1955. Majengo yake yakaja kuwa mali ya Idara ya Hifadhi za Taifa, na ngome pamoja nayo, 1960.

Uamuzi wa 1968

Mwaka 1968 idara ililirudisha jengo chini mjini. Safari hii halikubomolewa, lilibebwa zima kwenye gari kushuka kilima. Halikuweza kurudi mahali pa asili kwa sababu tuta bado lilikuwa mali ya reli, basi likawekwa futi 150 kutoka hapo, kama mita 45.

Kwa mtaalamu wa hifadhi uamuzi huo unaeleweka. Mgeni wa leo akisimama mlangoni anaona mito, daraja na milima, anauelewa mtego. Ule upungufu uliolifilisisha Chicago umeondoka. Idara ilitaka kueleza matukio ya 1859, na kwa kazi hiyo pale ni mahali bora kuliko mlimani.

Lakini gharama yake haijazungumzwa inavyostahili. Fanya hesabu ya miaka. Mahali pa asili jengo lilikaa miaka 43, kuanzia 1848 hadi 1891. Chuoni lilikaa 59. Hata ukihesabu mpaka chuo kilipofungwa tu, ni 46. Mahali pa sasa litafikisha miaka 59 mwaka 2027. Yaani mpaka hapo, anwani iliyodumu na jengo hili kwa muda mrefu zaidi ni chuo cha watu weusi, na hiyo ndiyo anwani iliyofutwa ili kulirudisha jengo "kwake". Wakati linashushwa hapakuwa na chuo tena, hapakuwa na wanafunzi wala walimu wa kuuliza kwa nini. Kurudisha jengo kwenye tukio la siku mbili kulilitoa kwenye maisha ya nusu karne.

Kuna jambo jingine ambalo sijui kama waliohusika walilifikiria. Lilipowekwa sasa ni hatua chache tu kutoka jiwe la Shepherd la 1931. Jiwe lile lilifichwa kwa miaka mingi, kisha likafunuliwa 1995 na kuwekewa maelezo pembeni. Mgeni anaweza kusoma kibao cha waliosoma Storer kwenye ukuta wa ngome, akavuka barabara, akasoma jiwe la waliowapenda watumwa watiifu, bila kutembea dakika moja. Naona ni bahati njema, japo haikukusudiwa. Ugomvi wa 1931 ulikuwa wa kilima na bonde. Sasa uko mtaa mmoja, na kila anayepita analazimika kuusikia.

Je, ni jengo lile lile? Kama unauliza matofali, mengi yalibanduliwa na askari, mengine yalipotea safarini, na yaliyopo hayakupangwa kwa upande ule ule. Kama unauliza kengele, panda gari uende Massachusetts. Ningekuwa mimi ndiye ninayeandika maelezo ya ukutani, ningeanza na safari zenyewe, kwa sababu kila safari ina tarehe, ina mlipaji, na ina nia inayojulikana. Mengi ya majumba ya kale ya Marekani yaliyosimama mahali pamoja hayawezi kukuonyesha kwa uwazi hivyo nani aliyataka, na nani aliyachoka, katika kila kizazi.

Mwaka 2006, miaka 100 baada ya mkutano wa Niagara, NAACP walirudi Harpers Ferry na maneno ya Du Bois yaliyokataliwa. Hawakuyapeleka chini mjini kwenye jengo. Waliyaweka Camp Hill, kwenye nyasi za chuo kilichofungwa, mahali ambapo ngome ilisimama na haipo tena.